Gauni Huanzia Wapi

Tuchukue mchoro mmoja wa aina aliyokuwa akiichora Christian Dior. Karatasi ni ndogo, penseli imepita kwa haraka, na mwanamke aliyechorwa hana uso. Mabega yameteremka. Kiuno ni mistari miwili inayokaribia kugusana, na chini yake sketi inafunguka ghafla hadi karibu na kingo za karatasi. Mkono mmoja umeishia kwenye kiwiko. Hakuna kipimo hata kimoja. Mgongo hauonekani, mishono haijulikani inapita wapi, na hakuna linaloeleza ni kitu gani kitakachoishikilia nyonga ile isilale. Michoro ya namna hii Dior aliitoa kwa mamia kabla ya kila msimu, tangu alipofungua nyumba yake ya mavazi, namba 30 Avenue Montaigne mjini Paris, mwishoni mwa 1946, hadi alipofariki Oktoba 1957.

Onyesho lake la kwanza lilifanyika tarehe 12 Februari 1947. Vazi lililokumbukwa kuliko yote siku hiyo liliitwa Bar: koti la hariri la rangi ya maziwa, limebana kiunoni na kujazwa nyongani, juu ya sketi nyeusi ya sufu iliyojaa marinda. Carmel Snow, mhariri wa jarida la Marekani la Harper's Bazaar, akaupa mtindo huo jina la New Look, na jina likaganda. Vita vilikuwa vimekwisha lakini dhiki yake bado. Uingereza nguo ziliendelea kuuzwa kwa mgao hadi 1949. Sketi pana namna ile ilikuwa furaha kwa wengine na kufuru kwa wengine.

Siku hizi majumba ya makumbusho hupenda kuviweka viwili hivyo pamoja, mchoro ukutani na vazi kwenye sanamu, na mtazamaji huondoka na hesabu rahisi: wazo lilikuwa kichwani, likashuka mkononi, likatua kwenye karatasi, mafundi wakalitekeleza. Kwa hesabu hiyo gauni lilikuwepo zima tangu mwanzo, na waliokuja baadaye walilihamisha tu, kutoka karatasi hadi kitambaa. Hesabu hiyo inavutia, inampa kila mtu nafasi yake, na nadhani si kweli.

Tuanze na utaratibu wa mambo. Katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, Plato anapanga vitanda vitatu. Cha kwanza ni kitanda chenyewe, wazo lisilo na mbao wala misumari. Cha pili ni cha seremala, anayejitahidi kulifuata wazo hilo. Cha tatu ni cha mchoraji, ambaye anaiga alichokitengeneza seremala, tena kwa upande mmoja tu, ule unaomwelekea. Mchoraji yuko mwisho wa foleni, mbali na ukweli kwa hatua mbili.

Mchoro wa mbunifu wa mavazi unauvuruga mpango huo. Nao unaonyesha upande mmoja tu, sawa na picha ya kitanda, lakini haukuiga kitu chochote, maana kitu chenyewe hakijashonwa. Umetangulia. Basi huenda mtu akasema kwamba hapa mchoro umepanda cheo, umeshika nafasi ya wazo lenyewe, na fundi cherehani ndiye anayeiga. Tatizo ni kwamba wazo la Plato ni kamili kuliko vitu vyote vinavyolifuata; kila seremala hupungukiwa akilinganishwa nalo. Mchoro wa Dior uko kinyume. Koti la Bar lina kola, bitana, mkono uliotiwa kwa pembe yake, vifungo na matundu ya vifungo, na nyuma yenye umbo lake. Karatasi ilikuwa na mistari michache. Kitu kisicho na mgongo kiliwezaje kuwa chanzo cha mgongo?

Jibu la haraka ni kwamba mchoro ni maagizo. Hauna kila kitu, lakini una kinachotosha, na fundi mzoefu anajua kuusoma. Mwanafalsafa wa Marekani Nelson Goodman alilichunguza jambo hili katika kitabu chake Languages of Art cha 1968, ambamo alitenganisha noti za muziki na rasimu ya mchoraji. Noti ni maagizo kweli. Zikipigwa Dakar na zikapigwa Vienna, tunaweza kusema ni muziki uleule, na tunaweza kumwonyesha mpigaji alipokosea. Rasimu haina uwezo huo. Haina alama zilizokubaliwa, hakuna mahali ambapo mstari mnene unamaanisha jambo moja na mwembamba jambo jingine. Kwa Goodman, rasimu haibainishi kazi fulani. Rasimu yenyewe ni kazi.

Mtihani wake ni rahisi. Wape mafundi wawili mahiri mchoro uleule, uwafungie vyumba viwili. Watatoka na magauni mawili, na hakuna atakayeweza kuambiwa kuwa amevunja agizo. Hata mteja anayempelekea fundi wa mtaani picha ya gauni kwenye simu, akisema nishonee kama hili, ana zaidi ya alichokuwa nacho mkuu wa mafundi wa Dior: gauni la kwenye simu lipo mahali fulani duniani, lina nyuma, lina zipu au halina, na mtu akitaka ugomvi linaweza kutafutwa likaletwa. La kwenye karatasi ya Dior halipo popote pa kwenda kuuliza.

Kwa hiyo inatubidi tuangalie kazi ilivyokuwa ikifanyika. Dior mwenyewe aliieleza katika kumbukumbu zake zilizotoka 1956. Kila msimu ulipokaribia alijitenga shambani, akachora popote alipokuwa, kitandani, kwenye beseni la kuogea, mezani, garini, vichoro vidogo vidogo ambavyo vingi havikuwa na maana. Kati ya vingi kimoja kilimshtua, akakifuata, kikazaa vingine. Michoro iliyobaki ilirudi Paris, ikafika kwa Marguerite Carré, msimamizi wa ufundi wa nyumba nzima, naye akaigawa kwa wakuu wa vyumba vya kushonea: vingine vya magauni laini, vingine vya makoti na suti. Wakuu hao waliichukua karatasi na kuanza kulitafuta gauni katika amerikani, kile kitambaa cha pamba cha bei nafuu ambacho mtu hasikitiki kukichana. Walikipindisha, wakakikata mshazari, wakakibana kwa pini juu ya sanamu mpaka mistari ya penseli ikaanza kupata uzito.

Kisha vazi la majaribio likapelekwa mbele ya Dior likiwa mwilini mwa mwanamitindo. Picha za miaka hiyo zinamwonyesha amekaa, amevaa koti jeupe la kazi, mkononi ana fimbo ndefu anayoelekezea bila kugusa: hapa pandisha, hapa punguza, huu mkono siuoni. Pembeni wapo Carré na Raymonde Zehnacker, aliyesimamia studio. Mavazi mengine yalipita, mengine yalirudi chumbani, mengine yakafa. Baada ya hapo ndipo kilipochaguliwa kitambaa halisi, sufu au hariri, na safari ikaanza upya, kwa kuwa kitambaa kizito na chepesi havilali sawa hata vikikatwa kwa vipimo vilevile.

Tatizo la kifalsafa limejificha katika kitendo kimoja: Dior kutazama vazi la amerikani na kusema silo. Amejuaje? Gauni sahihi hajaliona bado. Mchoro haumsaidii sana, maana vazi analolikataa mara nyingi limeufuata mchoro. Ndilo swali ambalo Meno anamwekea Sokrates katika mazungumzo ya Plato yenye jina hilo: mtu atakitafutaje kitu asichokijua kabisa, na akikikuta, atajuaje kwamba ndicho? Sokrates anajibu kwamba kutafuta ni kukumbuka. Roho ilikwisha kuyajua yote kabla ya kuzaliwa.

Ile hesabu ya makumbusho ni jibu hilohilo la Sokrates likiwa limevaa suti. Inasema Dior alilitambua gauni kwa sababu alikuwa nalo tayari, zima, mahali fulani ndani yake, na mafundi walimsaidia kukumbuka. Lakini kama lingekuwa zima kichwani, angeweza kulisema. Angeandika vipimo, angeeleza mgongo, na vazi la majaribio lingekuwa moja tu. Majaribio yalikuwa mengi kwa sababu wazo lenyewe lilikuwa bado linatengenezwa. Kila silo lilimwachia kitu: baada ya vazi la kwanza alijua kwamba bega ni zuri na kasoro iko kwenye urefu, baada ya la pili alijua kwamba urefu umekaa lakini sasa bega limekuwa zito. Alikuwa anajifunza alichokuwa anakitaka kwa kukikosa.

Hapo ndipo ninapoiona kazi ya mchoro. Haumwambii fundi atengeneze nini. Unawapa wote wawili, mbunifu na fundi, msingi wa kukataa. Mistari michache ile imefunga mambo machache: kiuno hiki, upana huu, wima huu wa mwili. Kila kingine kiko wazi. Bila ile michache hakuna cha kukataa, kwa kuwa kila gauni lingekuwa gauni zuri la namna yake. Na yote yangefungwa kusingekuwa na cha kutafuta. Udogo wa mchoro, na lile pengo la mgongo, ndivyo vinavyoufanya ufae.

Msomaji mkali atasema kukataa ni rahisi. Kila mtu anaweza kukaa kitini na kusema silo. Mitaa imejaa watu wa namna hiyo. Tofauti iko kwenye gharama. Mkosoaji wa barazani hapotezi kitu. Dior alikuwa amekwisha kujifunga kwa mstari wake mwenyewe, siku ya onyesho imetangazwa, mishahara ya watu inahesabika, na Marcel Boussac, tajiri wa viwanda vya pamba aliyetoa mtaji, anasubiri faida. Kila vazi alilolirudisha lilikula siku na nguvu za watu. Hukumu inayotolewa chini ya mzigo huo ni maarifa ya aina yake, hata kama mwenye kuitoa hawezi kuifundisha kwa maneno.

Je, karatasi ni lazima? Hapana, na Paris ileile inatoa ushahidi. Madeleine Vionnet, aliyefunga nyumba yake 1939, alibuni kwa kuzungusha kitambaa kwenye kisanamu cha mbao, na mshazari wake maarufu usingeweza kupatikana kwa penseli, kwa sababu unategemea kitambaa kinavyojivuta kwa uzito wake. Cristóbal Balenciaga, mwana wa mshonaji kutoka Getaria, Uhispania, alijua kukata na kushona kwa mikono yake, na alisifika kwa kufumua mkono wa koti lililokwisha kushonwa na kuutia tena mpaka ukae. Huyu hakuhitaji karatasi ya kumpa msingi wa kukataa. Alikataa kwa vidole.

Dior alifika kwa njia nyingine. Alisoma shule ya sayansi ya siasa, akafungua duka la sanaa na mwenzake mwaka 1928, biashara ya baba yake ikafilisika miaka michache baadaye, na katikati ya miaka ya 1930 alikuwa anaishi kwa kuuza michoro ya kofia na magauni kwa yeyote aliyenunua. Mchoro ulikuwa bidhaa yake kabla ya kuwa chombo chake. Na ni mchoro uliomwezesha mtu ambaye hakulelewa kwenye sindano kuwa mkuu wa watu waliolelewa kwenye sindano. Karatasi iliigawa kazi, na kila inapogawika kazi hugawika pia heshima. Jambo hili nitalirudia.

Kwanza tuone kitu kingine ambacho Balenciaga anatufundisha. Nyumbani kwake pia michoro ilikuwepo, ila mingi ilichorwa na wasaidizi baada ya vazi kukamilika, kwa ajili ya kumbukumbu. Na nyumbani kwa Dior, René Gruau alichora matangazo ambayo wino wake mweusi na mwekundu bado unatambulika kwa mbali, ya kumfanya mtu atamani kabla hajaliona vazi. Mtu asiyejua akiwekewa michoro mitatu, wa Dior, wa msaidizi wa Balenciaga na wa Gruau, ataiita yote michoro ya mitindo. Lakini mmoja unauliza, mwingine unashuhudia, wa tatu unabembeleza. Tofauti yao haiko kwenye mistari, iko kwenye mahali pa kila mmoja katika wakati. Mchoro wa Dior ni wa kwanza kwa sababu ulichorwa wakati jibu halijulikani, na siku vazi lilipokamilika, karatasi hiyohiyo iligeuka kumbukumbu bila kubadilika hata doa.

Soko lilizijua tofauti hizi bila msaada wa wanafalsafa. Wanunuzi wa maduka makubwa waliokuja Paris walilipa ili waruhusiwe kuingia kwenye onyesho, na waliotaka haki ya kunakili walinunua vazi, au vazi la amerikani, au vipande vya karatasi vya kukatia. Walilipia majibu. Wezi waliiba michoro. Mmarekani Elizabeth Hawes, aliyefanya kazi hiyo Paris miaka ya 1920 na kuisimulia katika kitabu chake cha 1938, alikuwa mmoja wa waliokaa kwenye maonyesho, wakakariri magauni, kisha wakatoka kuyachora kwa ajili ya wanakili. Ufaransa ilitunga sheria ya 1952 kupambana na unakili wa mavazi ya msimu. Kinachoweza kubebwa kichwani na kutolewa kwa penseli ni umbo la nje, na umbo la nje ndilo lililokuwa rahisi kuibwa. Ugumu wote ulibaki ndani ya bitana.

Mwaka 1955 kilitokea kitu kinachofanana na wizi bila kuwa wizi. Michel de Brunhoff, mhariri wa Vogue ya Ufaransa, alitazama michoro ya kijana mzaliwa wa Oran, Algeria, ambaye hakuwa ametimiza miaka 20, akashangaa ilivyofanana na kazi mpya ya Dior, enzi ya lile umbo la herufi A. Akampeleka kijana huyo Avenue Montaigne, naye akaajiriwa. Jina lake Yves Saint Laurent. Watu wawili, mmoja akiwa kileleni na mwingine akiwa bado mwanafunzi, waliuliza swali karibu moja. Tukiamini kwamba mchoro ndio gauni, tutalazimika kutafuta nani alimwibia nani. Tukiamini kwamba mchoro ni swali, hakuna la kushangaza: maswali huwa yamo hewani, na wenye masikio ya aina moja huyasikia wakati mmoja.

Agosti mwaka huohuo Richard Avedon alimpiga picha mwanamitindo Dovima akiwa amesimama kati ya tembo wa sarakasi huko Cirque d'Hiver, Paris. Gauni jeusi lenye mkanda mpana mweupe lilikuwa la Dior. Ndivyo lebo ilivyosema. Aliyelibuni alikuwa yule kijana wa Oran, na waliolishona ni wanawake ambao picha hiyo maarufu haiwajui.

Hapo linarudi suala la heshima. Wepesi wa methali wangetuambia kidole kimoja hakivunji chawa, tukaishia hapo. Lakini methali hiyo inavifanya vidole vyote sawa, na humu ndani havikuwa sawa. Jina kwenye lebo linaweza kubeba madai mawili, na watu huyachanganya. Dai la kwanza ni dhamana: mimi ndiye niliyesema ndilo, na likiwa baya aibu ni yangu. Dai hilo ni la haki, hata kwa gauni lililobuniwa na Saint Laurent, kwa kuwa Dior ndiye aliyelipitisha kwa jina lake. Dai la pili ni chimbuko: lote lilitoka kwangu. Hilo ni la uongo, na uongo wake hauko kwenye adabu peke yake. Kama wazo lilikuwa linaendelea kutengenezwa kwenye pini za mkuu wa mafundi, basi mkuu wa mafundi alikuwa anafikiri, na kumwita mikono ni kukosea kuhusu fikra ni nini. Dior aliwataja Carré na Zehnacker kwa shukrani nyingi katika maandishi yake. Lebo ilikuwa na nafasi ya jina moja.

Kosa hili halikomei kwenye mavazi. Tunalifanya kila tunapomhesabu mwenye mradi kuwa ndiye aliyefikiri na waliobaki kuwa watekelezaji. Kila mhandisi anapomdharau fundi mwashi aliyegundua kwamba ramani imesahau ngazi. Kila kiongozi anapoleta mpango uliochorwa upande mmoja na kushangaa kwamba una mgongo. Mchoro wa Dior unaheshimika kwa sababu ulikubali kurudishiwa kitu ambacho haukukitarajia, kisha Dior mwenyewe akakaa, akakitazama na kukihukumu. Anayesema kazi yote iko kichwani mwake, imebaki utekelezaji tu, hana kazi bado. Ana hamu nayo, na hamu haijawahi kukataliwa na kitambaa.